Mazoezi ya Jumapili

Muyinga,
wiki ya tatu ya Kwaresima.

Mpendwa kaka Kastori,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Klara na watoto wote hapo Nyarusange. Mnaendeleaje? Mgongo wako umepoa, au bado unainuka kwa kushika ukuta? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa na mimba, alizaa salama? Huku Muyinga mvua inanyesha kila mchana, nguo hazikauki, lakini mashamba ya watu yanapendeza. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Kinachonisumbua ni uchovu. Nalala vizuri, nakula vizuri, na bado asubuhi naamka nimechoka.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu wakati simu ipo. Lakini simu yako, kaka, ni redio ya kilima kizima. Ukipokea tu unaweka sauti ya nje, wifi anasogea, watoto wanasogea, na jirani aliyekuja kuomba moto naye anavuta kigoda asikilize habari zangu. Haya ninayokuandikia si ya jirani. Ndiyo maana barua hii nimempa Raissa, mwalimu mwenzangu wa Mushasha aliyekuja kunitazama huku. Kesho anakwenda kwao Gishubi, na ameniahidi kwamba atapita kwako akukabidhi mkononi. Nenda nayo kwenye shamba la kahawa, usome peke yako. Na nakuomba usirukie mwisho. Nakujua wewe, hata hadithi za bibi ulikuwa unauliza nani atakufa kabla hajamaliza kukohoa.

Jambo lililoko mezani ni hili. Padri Nazario anataka jibu langu kabla ya Pasaka. Ama nirudi Mushasha kufundisha fidla na kupiga kanisani kama zamani, ama nafasi apewe mtu mwingine. Na nafasi ikienda, nyumba ya mwalimu nayo inakwenda, na humo ndimo anamokaa mama. Kwa hiyo paa la mama liko kwenye jibu langu. Halafu kuna jambo jingine la mama ambalo wewe hulijui. Nitalifikia. Niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na hilo sitaweza kuandika mengine.

Maneno yanayozunguka huko ninayasikia. Wifi Klara mwenyewe alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka hadi anakwama, anauliza kama ni kweli nimeolewa na Mhindi wa duka la mabati. Mwambie Imtiaz ana mke wake, mzuri na mpole, na mimi nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Wengine wanasema nimekwenda kupiga muziki wa baa. Upendo wa parokia, aliyefundishwa fidla na Bruda kule kambini Kibondo, eti leo anapiga jazi! Na wewe najua ukisikia jazi unafikiria zile bendi tulizokuwa tunazisikia redioni Tanzania, magitaa matatu na mwimbaji analalamikia mpenzi. Hii ni nyingine. Mnachukua wimbo, mnaupiga wote pamoja kama ulivyo, kisha kila mmoja anaachiwa nafasi aseme lake juu ya wimbo huo, papo hapo, bila karatasi. Akimaliza anampisha mwenzake. Ukielezwa hivyo inaonekana kazi rahisi sana.

Unakumbuka jinsi Bruda alivyotufundisha. Wewe ulikimbia baada ya wiki mbili, ukaenda kucheza mpira, na ulikuwa na akili. Mimi nilibaki. Alikuwa ananiwekea kitabu kwapani ili mkono wa upinde usicheze ovyo, na kitabu kikianguka tunaanza upya toka juu. Nilifundishwa vizuri, sikatai. Lakini toka siku hizo hadi juzi sijawahi kupiga nota ambayo haikuandikwa na mtu mwingine, tena mtu aliyekufa zamani. Na tuliporudishwa Burundi, nikapewa ile kazi ya Mushasha kule Gitega, ikawa basi. Mtu akifa Gitega mjini, kabla jeneza halijapatikana wameshanipigia simu. Wanataka vipande vilevile viwili, kimoja cha kuingia na kimoja cha kutoka. Harusi nazo zina viwili vyake. Nimewasindikiza matajiri, watawa, watoto wachanga. Watu wananiona sokoni wananishika mkono wanasema mwalimu, ulitupigia vizuri sana siku ya marehemu, na mimi simkumbuki marehemu wala wao. Hapo ndipo uchovu ulipoanza, nikadhani ni malaria.

Mwaka jana niliitwa huku Muyinga kwenye harusi ya daktari mmoja. Nilipiga kanisani, nikaenda ukumbini kula kama wageni wengine. Humo ukumbini kulikuwa na kikundi kidogo, na aliyekuwa kwenye piano ndiye huyo Imtiaz. Baba yake, marehemu Hasham, ndiye aliyefungua lile duka la mabati na misumari hapa sokoni. Imtiaz alikuwa Ubelgiji anasomea piano, baba yake alipofariki akarudi kushika duka. Asubuhi anauza misumari, alasiri anapanda ghorofani kupiga. Anayempigia saksafoni ni mzee Gervasi, mstaafu wa bendi ya jeshi, mtu wa kicheko. Nilisimama na sahani yangu ya wali hadi ukapoa. Walikuwa wanapiga wimbo mmoja ambao hata mimi naujua, lakini kila ukizunguka unakuja na uso mwingine, na wao wenyewe wanashangaa, wanatazamana, wanacheka. Mimi sijawahi kucheka nikiwa na fidla shingoni. Nikamwendea Imtiaz nikamwambia nataka anifundishe. Baada ya Krismasi nikamwomba Padri ruhusa, nikafungasha, nikaja.

Kaka, nilidhani nitaongeza madoido mawili matatu, basi. Loo! Siku ya kwanza Imtiaz alinipigia wimbo mfupi, nikaurudia kama ulivyo, akafurahi. Kisha akasema sasa niseme langu. Nikabaki na upinde hewani. Piano inaendelea, Gervasi anagonga mguu, mimi nimenyamaza kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nikamwuliza nianze na nota gani. Akasema yoyote. Nikamwuliza yoyote ipi. Mzee Gervasi alicheka hadi akalazimika kukaa.

Na mdundo wao je! Mimi nimezoea kuipa kila nota haki yake. Wao wanaziburuta, wanazichelewesha, nyingine wanazimeza kabisa. Gervasi na Kiswahili chake cha huku akawa ananiambia kwamba mi niko nasikia we unapiga juste, bila kosa, mais muziki yako iko inatembea na viatu ya kanisa. Imtiaz alisema kwa upole wake kwamba mkono wangu wa kushoto unatetemesha kila nota kana kwamba kila nota imefiwa. Na mama yake, Bi Sikinabai, ambaye jiko lake liko mlango wa pili na haachi neno lipite, alipaza sauti toka huko kwamba ninapiga kama mtu anayesomewa hukumu. Nilirudi chumbani kwangu kwa masista nimekasirika hadi nikashindwa kula. Umri wangu wote nimesifiwa, leo nachekwa na mstaafu na mama wa jikoni.

Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nikachukua karatasi ya nota na penseli, nikaandika. Yale ambayo nilipaswa kuyabuni papo hapo, niliyabuni kwa siku nne mezani, nikayafuta, nikayaandika tena, nikayakariri. Na ili isionekane kwamba nimekariri, nikaweka kosa. Ndiyo, kaka, niliandika kosa. Karibu na mwisho kidole kinateleza, kinagusa pasipo pake, halafu kinajirekebisha kama mtu anayetafuta njia. Nilifanya mazoezi ya kukosea hadi nikawa nakosea vizuri kabisa.

Ikafaulu! Imtiaz alinitazama kwa mshangao, Gervasi akasema voilà, na jikoni kukawa kimya. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa wakati mmoja. Wakanichukua kwenye harusi, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, nikapige nao mbele ya watu.

Mambo yalikwenda sawa hadi bibi harusi alipotoka kwenda kubadili nguo, avae imvutano, lile vazi letu la kufunga begani. Huko alikokwenda sijui nguo yenyewe walikuwa bado wanaifuma, maana hakurudi. Mshereheshaji akawa anatupungia mkono tuendelee, watu wasichoke. Zamu yangu ilikuwa imeshafika, nimeshapiga langu, nimeshapigiwa makofi. Wimbo ukazunguka, Imtiaz akanipa ishara tena. Sikuwa na kingine. Nikapiga lile lile, na kosa lake mahali pake. Bibi harusi hajaja. Ishara ikaja mara ya tatu. Kaka yangu, mara ya tatu, kidole kilipokaribia kuteleza, nikasikia saksafoni nyuma yangu inateleza pamoja na mimi, nota kwa nota, inakosea ninapokosea, inajirekebisha ninapojirekebisha. Gervasi alikuwa amelikariri kosa langu. Wageni walishangilia, walidhani tumepanga. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na fidla yangu.

Imtiaz hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alipokuwa anakunja nyaya aliniuliza tu ninaogopa nini kitatoka, nikiiacha mikono yangu itoe chenyewe. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia siogopi kitu, nimelelewa kambini mimi, na kwamba mtu anayeacha mikono ifanye inavyotaka hana mwalimu. Gervasi alikuja kuniomba radhi, akasema alikuwa anatania tu, iko sawa, mwalimu, ata yeye alianza ivyo ivyo. Sikumtazama.

Siku kadhaa sikukanyaga kwao. Niliamua kurudi Gitega. Nilimpigia simu Padri Nazario nimwambie narudi, ikaita, ikaita, nikakata kabla hajapokea. Nikapiga tena, nikakata tena. Alipopiga yeye nikaacha iite. Nilijiambia naona haya kurudi mikono mitupu. Haikuwa hivyo, na nilijua haikuwa hivyo.

Mwaka huu Kwaresima yetu na Ramadhani yao zimeingia pamoja, mji mzima unafunga. Juzi nilikwenda kuchukua kinara changu cha nota nilichokiacha ghorofani, nikapita kimya kimya. Bi Sikinabai akaniona. Alikuwa jikoni anatengeneza sambusa za futari, akaniita, akanipa manda na bakuli la nyama, akasema mikono yangu hiyo ya violoni ifanye kazi ya maana. Nikakaa kukunja. Wote wawili tuna njaa, na ile nyama inanukia. Aliniuliza habari za nyumbani, za mama, za wewe. Akauliza baba yetu alifariki lini. Kisha akaanza kunisimulia mumewe alipofariki. Alisema yeye aliwekwa eda. Hakutoka, hakupokea wageni wa duka, hakutakiwa kufanya lolote. Wanawake walikuja wakakaa naye, wengine wakipika, wengine wakimshika tu, akamlilia mzee Hasham hadi siku moja akaona mwenyewe kwamba sasa inatosha kidogo. Akaniuliza sisi Wakristo tunakaa vipi, na mimi kwa baba nilikaa siku ngapi.

Nilimwambia sikukaa. Nilimwambia mazishi ya baba yetu Yakobo nilipiga mimi, cha kuingia na cha kutoka, na watu walisema sijawahi kupiga vizuri vile. Kesho yake kulikuwa na mazishi mengine, ya sista mmoja, nikaenda nikapiga. Yule mama aliacha sambusa, akanitazama na unga umemjaa mikononi. Akaniuliza sasa wewe, mwanangu, ulilia lini?

Nilitafuta siku, kaka, sikuiona. Manda niliyokuwa naikunja ikapasuka, nyama ikamwagika, naye akaikusanya.

Sasa nafika pale. Kaa chini.

Mama ni mgonjwa. Si baridi, si uzee. Ni moyo. Kabla ya Krismasi daktari alituambia kwamba moyo umepanuka, dawa zitausaidia lakini hazitauponya. Zile soksi nene ulizomkuta nazo Krismasi, ukamtania kwamba amekuwa Mzungu, zilikuwa za kuficha miguu iliyovimba. Alinikataza nisikwambie. Alisema Kastori ataleta kilima kizima kuja kumwombea, watamaliza chai na watamchosha. Jeska, binti wa shangazi anayekaa naye, ndiye anayejua, maana ndiye anayempa dawa. Nisamehe kwa kukuambia kwa karatasi. Najua umesimama sasa hivi, najua unataka kukimbia kwenda Mushasha. Tafadhali maliza kwanza.

Hilo si lote. Tangu siku ile ya daktari, kila Jumapili baada ya chakula, Jeska akitoka kuosha vyombo, mama alikuwa anafunga mlango wa sebule. Anavaa kile kitenge cheupe alichokitenga, anaketi kwenye kiti cha baba, anapanga mikono kifuani, ananiambia nichukue fidla. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya mazishi yake. Sikutanii, kaka. Anafumba macho, ananiongoza. Hapa wananiingiza, polepole, wabebaji watakuwa wazee. Hapa Padri ananyunyiza maji, shusha sauti watu wasikie sala. Hapa wananitoa, usikimbie, siku ya mama Nestori ulikimbia, walifika mlangoni muziki umeshaisha, ikawa aibu. Nikimaliza anafumbua macho, anasema leo afadhali, ila pale katikati nimelegea. Kisha anavua kitenge, anakikunja, anaomba chai.

Na mimi nilikuwa napiga. Mwanafunzi mzuri wa Bruda! Napiga, narudia pale katikati, sikosei. Mikono inaendelea kama si yangu. Kila Jumapili mama anakufa mbele yangu, na mimi naangalia karatasi. Jumapili moja alisema sasa nimekamilika, nisibadilishe kitu tena hadi siku yenyewe. Wiki ile ile nikaenda kumwomba Padri ruhusa.

Kwa hiyo ule muziki wa Imtiaz niliupenda, sikudanganyi, nilisimama na wali wangu ukapoa kweli. Lakini kilichonifanya nifungashe ni ile sebule. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuniagiza mapema nitakachopiga. Nimefika mahali hapo, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuandika kila kitu mapema mimi mwenyewe. Mama angecheka.

Siku ile ya sambusa, Imtiaz alipanda kutoka dukani akanikuta jikoni macho yamevimba. Akaenda kwenye piano akaanza ule wimbo mfupi wa siku ya kwanza. Nikanawa mikono, nikachukua fidla. Nikaanza na nota yoyote. Nilipiga vibaya mno, kaka. Upinde ulikwaruza, nilipotea, nikarudi, nikapotea tena, machozi yakawa yanaanguka kwenye mbao za fidla na mafuta ya sambusa yako kwenye vidole. Nilimlilia baba yetu. Nililia kama tulivyowaona wanawake wakilia kambini, bila kuangalia nani anatazama. Piano ilikuwa inanisubiri kila ninapokwama. Nilipoacha, Imtiaz akasema hilo sasa ni lako. Halafu mteja akaita toka chini anataka misumari ya bati, akateremka kumhudumia. Bi Sikinabai akaendelea kukaanga.

Sijui kama nitakuja kuwa mpiga jazi. Umri umekwenda, na mkono wangu una mazoea yake. Imtiaz amesema nije kila likizo, tutaona. Lakini jibu la Padri ninalo. Narudi Mushasha. Mama abaki katika nyumba yake, karibu na hospitali na karibu na misa yake ya asubuhi. Nitafundisha watoto. Hata mazishi ya watu nitaendelea kuyapiga, ndiyo kazi, na wafiwa wanahitaji. Ya mama sipigi.

Nakuja Jumamosi ijayo kumwambia, na ninaogopa kuliko nilivyomwogopa yule daktari. Nakuomba uje uwepo. Najua wewe ndiye msemaji wa familia katika posa zote za Nyarusange, unajua kuzunguka na maneno hadi watu wanatoa ng'ombe wenyewe wanacheka. Siku hiyo usinisemee. Nilikuwa nimeanza kukuandikia hapa chini maneno ya kumwambia, moja baada ya jingine, nikayafuta. Nitasema yatakayotoka. Wewe keti tu. Atakasirika. Atasema ameomba kitu kimoja tu duniani na nimemnyima, atasema basi azikwe kama kuku. Mwache aseme. Wanafunzi wangu watampigia, ninao wawili wazuri, na wakikimbia mlangoni, wakimbie. Akitaka kunisikia mimi, nitampigia palepale sebuleni akiwa amefumbua macho, na nikikosea asinirekebishe.

Siku ya baba, wewe na mama mlikuwa benchi la mbele mmeshikana mikono. Mimi nilikuwa juu na kwaya, naona migongo yenu tu. Niliona mabega yako yanatikisika, na nikageuza ukurasa. Siku ya mama ikifika sitaki kuwa juu. Nataka kukaa chini na wewe, sina kitu mkononi, nilie kama mtoto wake. Uniwekee nafasi, kaka.

Wasalimie wote wa nyumbani, wadogo na wakubwa, na majirani wanaoniuliza. Mama usimwambie kwamba umeshajua, hadi nifike. Mungu awape amani na mvua ya kiasi. Nakutakia mfungo mwema.

Mdogo wako akupendaye,

Upendo